Gemu za ufundi au gemu za kukomaa? Tuko wanne Tanga, tuna saa moja tu kwa usiku

Jahazi_la_Tongoni

Wakuu, habari za usiku.

Tunatafuta gemu moja ya mtandaoni ya kujenga mhusika na kupigana kwa kundi. Tuko wanne: wawili Ngamiani, mmoja Makorora, mmoja Pangani. Vifaa ni simu tatu za Android zenye RAM ya GB 4 na laptop moja ya kawaida isiyo na kadi ya picha. Muda ni saa 3 hadi saa 4 usiku, basi. Intaneti ni bando la simu, faiba hakuna mwenye nayo.

Ubishi umetugawa katikati. Wawili wanasema tutafute gemu ya ufundi, ambayo mkono na akili vinatosha kumpiga aliyekutangulia miezi sita. Wengine wawili wanasema hiyo ni hadithi: gemu zote za namna hii mwisho wake ni kukomaa tu, yaani kusaga saa nyingi kwa kurudia mambo yaleyale ili levo zipande, na mwenye saa nyingi ndiye sultani. Unajuaje gemu iko upande gani kabla hujaipa mwezi mzima? Na kwa mtandao wetu huu, seva ikiwa Ulaya, ufundi wenyewe unafanya kazi kweli?

---

Fundi_Levo

Mnashindanisha vitu viwili ambavyo havifanyi kazi moja, ndiyo maana hamfiki. Levo na deraya vinakununulia ruhusa ya kukosea. Ufundi unapunguza makosa yenyewe. Shika kalamu.

Mhusika ana damu 1,000. Bosi (adui mkubwa) ana pigo kubwa la 350, linalokwepeka. Ukilipokea mara mbili umebaki na 300, la tatu umelala. Kwa hiyo ruhusa yako ni makosa mawili. Panda levo mpaka damu ifike 1,051: sasa unaweza kupokea matatu, unabaki na tone moja lakini uko hai. Nyongeza ya asilimia 5 tu imekupa kosa zima. Haya, endelea kukomaa kutoka 1,051 mpaka 1,400. Umeongeza theluthi ya damu na bado ruhusa yako ni makosa matatu yaleyale! La nne linafunguka kwenye 1,401. Watu wengi wanapotelea hapo katikati, wanasaga wiki tatu wakiona namba zinapanda, kumbe wamesimama kwenye ngazi ileile. Dawa za kurudisha damu zitasogeza mahali ngazi zilipo, lakini ngazi hazifutiki.

Kwa hiyo kabla ya kukomaa, tafuta pigo kubwa la bosi ni ngapi, gawanya damu yako kwa namba hiyo, uone ngazi inayofuata iko mbali kiasi gani. Ikiwa imebaki kidogo, komaa usiku mmoja uivuke. Ikiwa mbali, acha kusaga, rudi ukajifunze kukwepa.

Upande wa kushambulia hesabu ni kali zaidi, maana mabosi wengi wana saa ya hasira: muda ukiisha, anaua wote. Bosi wa damu 500,000 mwenye dakika 5 anadai kundi litoe wastani wa 1,667 kwa sekunde. Nendeni kwenye sanamu ya mazoezi, mpige dakika 5 bila kusumbuliwa na mtu, mjumlishe. Kama wote wanne mkitulia mnatoa 1,200, hakuna ufundi utakaowaokoa, gemu inawadai silaha. Kama kwenye sanamu mnatoa 2,000 lakini mbele ya bosi mnatoa 1,100, silaha mnazo tayari. Asilimia 45 inavuja kwa sababu mnakimbia ovyo, mnasimama pabaya, au mtu anasahau kupiga huku anakwepa. Hapo ukikomaa utakuwa unajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Kuijua gemu mapema: chagua bosi mmoja, pigana naye mara 10 bila kubadilisha kitu chochote, na kila ukifa andika asilimia ya damu aliyobaki nayo. Ukipata 80, 71, 74, 60, 52, mkono unafundishika, hiyo ni gemu ya ufundi au angalau bosi wa ufundi. Ukipata 64, 66, 63, 65 na kila mara unauawa na kitu kisichokwepeka, unadaiwa levo. Zikiruka 30, 85, 41, 90 bila mpangilio, angalia mtandao kwanza kabla ya kulaumu mtu.

Angalia pia kama gemu inakata usahihi wa pigo kwa tofauti ya levo. Zipo ambazo ukizidiwa na adui levo kadhaa, panga linapita hewani hata ukilenga vipi. Huko ufundi umefungiwa mlango kwa nje.

---

Mkonge_Mbichi

Mimi niko na wale wawili wa kukomaa. Ufundi nao si unapatikana kwa kurudia bosi mara mia? Ni kusaga kulekule, tofauti ni mahali unga unapohifadhiwa: wa levo unakaa kwenye seva yao, wa ufundi unakaa kwenye vidole vyako. Kwa mwenye saa moja kwa usiku, hicho ndicho cha kuangalia, kwa sababu ukiacha gemu miezi mitatu levo utazikuta, vidole vitakuwa vimesahau.

---

BiTiki

Mkonge, vidole vinarudi kwa siku mbili. Levo 20 hazirudi kwa siku mbili.

Jahazi, kwa vifaa mlivyotaja, ya kwanza kuijaribu ni Old School RuneScape. Iko kwenye simu tangu 2018, akaunti ileile unaifungua kwenye laptop, na picha zake ni za kizamani kwa makusudi kwa hiyo haisumbui simu ya GB 4. Nawapa namba zake kwa sababu ndiyo gemu watu huitaja kama mama wa kukomaa, na kwa sehemu ni kweli.

Kila ujuzi una levo 1 hadi 99. Levo 99 ni XP (pointi za uzoefu) 13,034,431. Levo 92 ni XP 6,517,253, yaani kwenye 92 ndio kwanza uko nusu ya njia. Robo ya njia ni levo 85. Levo 70 ni XP 737,627 tu, haifiki hata asilimia 6 ya safari. Tuseme mnapata XP 50,000 kwa saa. Levo 70 ni saa 15, nusu mwezi kwa ratiba yenu. Levo 99 ni saa 261, karibu miezi tisa ya kila usiku bila kukosa, kwa ujuzi mmoja. Sasa angalieni faida: mjeledi maarufu wa abyssal, silaha ya mkononi, unahitaji levo 70 ya Attack, ujuzi wa kushambulia. Si 99. Mtu mwenye saa chache anafika 70 kwenye ujuzi wa vita, anasimama, anahamia kwenye ufundi. Anayeng'ang'ania 99 anafanya hivyo kwa sababu anapenda lile joho la 99, na si dhambi, ila asiseme gemu imemlazimisha.

Ufundi wa gemu hii uko kwenye tiki. Seva inahesabu kila kitu kwa vipande vya sekunde 0.6, huwezi kufanya jambo kati ya kipande na kipande. Ni mdundo, kama ngoma. Kuna dua za kinga: ya uchawi inafunguka kwenye levo 37 ya ujuzi wa dua, Prayer, ya mishale 40, ya mapigo ya karibu 43. Dua ikiwaka inakula nguvu zako za Prayer. Lakini ukiizima na kuiwasha ndani ya tiki ileile, kila tiki, kinga inabaki na nguvu hazipungui. Hiyo haihitaji levo yoyote ya ziada, inahitaji kidole kinachojua kuhesabu.

Hata kufika 43 kwenyewe kuna njia mbili. Inahitaji XP 50,339. Mfupa wa dragoni ukiufukia ardhini unatoa XP 72, kwa hiyo mifupa 700. Mfupa uleule ukiutoa kwenye madhabahu ya dhahabu ndani ya nyumba, vyetezo vyote viwili vikiwaka, unatoa 252, kwa hiyo mifupa 200. Anayefukia anakomaa mara tatu na nusu kwa kutojua tu. Nauita huu ujuzi wa kusoma, nao unashinda saa nyingi za watu.

Mtihani wenu uwe bosi TzTok-Jad kwenye Fight Caves, pango la mapigano ya mawimbi ya maadui. Mawimbi 63, yeye ni la mwisho. Pigo lake linafika 97, na damu ya mchezaji haizidi 99 bila nyongeza, kwa hiyo kwa lugha ya Fundi_Levo ruhusa ni kosa moja au hakuna kabisa, hata ukikomaa mwaka. Akiinuka kwa miguu ya nyuma anakuja na uchawi. Akikita miguu ya mbele chini ni mashambulizi ya mbali. Unabadilisha dua kwa kumtazama, una zaidi kidogo ya sekunde moja. Ukisimama mbali naye hakuna la tatu la kuwaza. Kinachoua watu si kasi. Damu yake ikifika nusu wanatokea waganga wake, mchezaji anageuza macho kuwatazama na anasahau dua. Dawa: Jad akishaanza pigo, badilisha dua, ndipo umguse mganga mmoja, rudi umtazame Jad, kisha mganga wa pili. Usiwaguse wote kwa mpigo.

---

Jahazi_la_Tongoni

Dada BiTiki, shukrani sana. Hapo kwenye sekunde moja ndipo panapotutisha. Usiku huku pingi, yaani muda wa data kwenda kwenye seva na kurudi, inacheza milisekunde 180, mara 600. Na je, hiyo gemu ni bure?

---

Kebo_ya_Bahari

Nijibu la mtandao, la bure nawaachia wenyewe.

Kwanza mjue kipi hakirekebishiki. Mwanga ndani ya faiba unakwenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 zinakula milisekunde 10 kwenda na kurudi. Tanga hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 6,800, yaani milisekunde 68 hata kama waya ungepita hewani kama kunguru. Na haupiti hivyo. Data inashuka Dar es Salaam, inaingia kwenye kebo za baharini kama SEACOM ya 2009 au EASSy ya 2010, ndipo izunguke kwenda Ulaya. Ukiona 150 hadi 200, huo ni umbali, msiupigie kelele mtandao wa simu.

Kinachoharibu ufundi ni ile 180 kugeuka 600. Pingi ya 180 iliyotulia mkono unaizoea, unabonyeza mapema kidogo, na kwenye gemu ya tiki za sekunde 0.6 inaingia ndani ya kipande kimoja bila shida. Pingi inayoruka hairuhusu mazoea. Pimeni hivi: laptop ikiwa kwenye hotspot ya simu, saa 3 usiku na si mchana, andikeni amri ya ping -n 100 ikifuatiwa na anwani ya seva. Mwishoni inatoa kiwango cha chini, cha juu, wastani, na pakiti zilizopotea. Tofauti ya wastani na cha chini ikiwa chini ya 40 na hakuna kilichopotea, mnaweza gemu yoyote ya tiki. Wastani ukizidi cha chini kwa 150, au pakiti 3 kati ya 100 zimepotea, msiende kwa Jad usiku huo, nendeni mkachimbe madini.

Sababu za kuruka ziko tatu hasa. Mnara umelemewa, maana saa 3 usiku kila mtu yuko kwenye video. Jaribuni laini ya mtandao mwingine, na jaribuni saa 11 alfajiri mlinganishe. Simu inahangaika kati ya 4G na 3G, hasa ndani ya nyumba ya kuta nene. Ingieni kwenye mipangilio mchague 4G pekee, msogee dirishani. Na ya tatu, mnaishirikisha hotspot moja: mwenzenu mmoja akifungua video, foleni inajaa ndani ya simu na pingi za wote zinapaa. Zimeni pia programu kujisasisha zenyewe, masasisho myapakue kwa bando la usiku wa manane.

Joto nalo msilisahau. Pwani hii simu ikichemka inajipunguza kasi yenyewe, mnalaumu mtandao kumbe ni chuma. Vua kava, usichaji huku unacheza, weka picha kwenye fremu 30.

Bando linalikaje, msiulize watu. Fungueni matumizi ya data kwenye simu, andikeni namba, mcheze nusu saa, msome tena, mzidishe kwa mbili.

---

Mzee_wa_Deraya

Naongeza nyingine kwa kifupi ili mlinganishe.

Albion Online iko kwenye simu na kompyuta kwa akaunti moja. Huko nguvu inatoka kwenye unachovaa. Kitu cha daraja la 4 kina nguvu 700, kila daraja juu linaongeza 100, na kila kiwango cha kutia rogo (uchawi wa kukiongezea kitu nguvu) kinaongeza 100 pia. Kwa hiyo daraja la 4 lenye rogo moja ni sawa na daraja la 5 tupu, 800. Angalieni bei sokoni, mara nyingi kimoja ni rahisi kuliko kingine na mgeni hajui. Kwenye kanda nyekundu na nyeusi ukiuawa unapoteza kila kitu ulichovaa na ulichobeba. Kanuni ni moja: usivae usichoweza kukinunua tena mara tano leo. Anayeingia na vazi lake la pekee anacheza kwa hofu, na mwenye hofu hukimbia mapema na kurudi akiwa amechelewa. Ufundi upo mwingi, ila watano wakimkuta mmoja hakuna ufundi. Nyie wanne mtembee wanne.

Guild Wars 2 ndiyo jibu safi la wale wawili wa ufundi: kwenye uwanja wake wa mapambano wachezaji wote wanasawazishwa, deraya uliyosaga nje haiingii. Levo ya juu ni 80 tangu 2012 na haijapandishwa. Lakini haiko kwenye simu, na hiyo laptop yenu itahema.

Genshin Impact ni kukomaa kwa kalenda. Nishati inarudi 1 kila dakika 8, yaani 180 kwa siku, na mzunguko mmoja wa kutafuta vifaa unakula 20. Mizunguko 9 kwa siku, uwe na saa moja au kumi. Tanki linajaa 200 kwa saa 26 na dakika 40, kwa hiyo anayeingia mara moja kila usiku hapotezi hata tone. Kwa mwenye muda mfupi ni haki kabisa, ila inataka zaidi ya GB 20 za hifadhi, na kwa GB 4 za RAM mtateseka.

EVE Online imekwenda mbali zaidi: ujuzi unajifunza wenyewe kwa saa za ukutani hata ukiwa umelala. Hakuna wa kumsaga mwenziwe. Ila ni ya kompyuta, na ni gemu ya wahasibu.

---

BiTiki

Kuhusu bure: Old School RuneScape ina sehemu ya bure, lakini Jad, mifupa ya dragoni na huo mjeledi viko upande wa kulipia. Kuna hati inaitwa bond, inauzwa sokoni kwa dhahabu ya ndani ya gemu na inatoa siku 14. Kwa saa moja kwa usiku msitegemee kuilipa kwa dhahabu mwanzoni, mtaishia kufanya kazi ya kulipia kodi ya nyumba msiyoikalia.

Mtaona pia aina ya akaunti inaitwa Group Ironman, ya wachezaji 2 hadi 5, ilianza 2021, na mtashawishika kwa sababu mko wanne. Mnagawana ghala, mmoja anavua, mmoja anafua chuma. Inapendeza. Ila hamruhusiwi kununua kwa watu wa nje, na hapo hesabu ya levo 70 inavunjika. Mchezaji wa kawaida ananunua mjeledi sokoni. Ninyi itabidi mmoja wenu afike levo 85 ya Slayer, ujuzi wa kuwinda mazimwi, ndipo aweze kumuua pepo mwenye mjeledi, ambayo ni XP 3,258,594. Kwa XP 20,000 kwa saa ni saa 163, zaidi ya miezi mitano yenu. Kisha pepo wa abyssal anaangusha mjeledi mara 1 kati ya 512. Msipange kuua 512, maana ukiua 512 nafasi ya kuwa nao ni asilimia 63 tu. Asilimia 90 inafika kwenye 1,178. Na akipata mmoja, watatu bado wanasubiri zamu. Anzeni na akaunti za kawaida.

---

Mkonge_Mbichi

Na msije mkatumia ile programu ya kubonyeza yenyewe usiku mkilala. Akaunti inafungiwa na levo zote zinaondoka nayo. Tanga waja leo waondoka leo, lakini si kwa namna hiyo.

---

Jahazi_la_Tongoni

Akaunti za kawaida, tumekubaliana, hata wale wawili wa kukomaa wametulia walipoona ile 1,051. Swali la mwisho: mawimbi 63 kwa saa moja yanaisha? Na tunaweza kutumia akaunti moja wote wanne, mmoja akichoka mwingine aendelee?

---

BiTiki

Akaunti moja watu wanne hapana, ni kinyume cha masharti yao na inaweza kufungiwa. Kila mtu na yake.

Mara ya kwanza saa moja haitoshi. Wimbi likiwa linaendelea, bonyeza kutoka mara moja tu: gemu itakuacha umalize wimbi hilo, kisha itakutoa yenyewe, na kesho unaanza wimbi linalofuata. Ukibonyeza mara mbili inakutoa papo hapo na wimbi lile unalirudia lote. Kwa hiyo saa 4 kasoro dakika 10 bonyeza mara moja, maliza, lala. Na msifike wimbi la 63 mwisho wa saa mkiwa na usingizi. Tokeni kwenye la 62, Jad mkutane naye kesho yake saa 3 kamili, baada ya kupima pingi.